Outlook ya zamani, kivinjari kipya: jinsi ya kuelekeza viungo vya barua pepe

Ukitoka kidogo nje ya Mji wa Serikali pale Mtumba, Dodoma, ukaingia kwenye steshenari za Majengo, ofisi za AMCOS (vyama vya ushirika) za wakulima wa zabibu, shule za kata za Bahi na Chamwino au maghala ya mahindi ya Kibaigwa, utakutana na kompyuta za aina moja: Windows 7, Outlook 2007 au 2010, na mashine yenyewe imeshapita ofisi mbili tatu kabla ya kufika hapo. Barua pepe zinaingia vizuri. Viambatisho vinafunguka. Shida inaanza siku barua inapokuja na kiungo cha kubofya: thibitisha akaunti yako, badilisha neno la siri, pakua nyaraka za zabuni. Unabofya, Internet Explorer inaamka, inazunguka weee, kisha inaleta ukurasa mweupe usio na kitu, au ujumbe kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa.

Wengi wakifika hapo huambiwa wanunue kompyuta mpya. Mimi sikubali hilo liwe jibu la kwanza. Outlook hiyo imebeba barua za miaka mingi: mikataba, hati za malipo, mawasiliano na halmashauri. Zimeshashuka kwenye mashine na zinasomeka hata mtandao ukikatika au bando likiisha, jambo ambalo mtu wa Mpwapwa au Kondoa vijijini analithamini kuliko mtu wa mjini. Kinachotakiwa kubadilika ni kitu kimoja tu: kiungo kikibofywa, kifunguke kwenye kivinjari kinachozielewa tovuti za leo. Gharama yake ni bando la kupakua kivinjari na muda wa kukaa kwenye kiti ukafuata hatua.

Nani hasa anayechagua kivinjari

Hili likieleweka, mengine yote yanakuwa mepesi. Outlook ya zamani haichagui kivinjari. Unapobofya kiungo, Outlook inaikabidhi Windows ile anwani na kazi yake inaishia hapo. Windows ndiyo inayotazama kwenye kumbukumbu zake: anwani inayoanza na http au https apewe nani? Ni kama masjala ya ofisi. Anayeleta barua haendi nayo hadi mezani kwa afisa. Anaiacha masjala, na masjala ndiyo inayojua jalada linakwenda chumba gani. Kama masjala bado inamtambua afisa aliyestaafu, barua zitaendelea kurundikana kwenye meza yake.

Kwa hiyo kupekua mipangilio ya Outlook 2007 ukitafuta mahali pa kuchagua kivinjari ni kupoteza muda. Hapapo. Unakwenda kurekebisha Windows. Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, ina tabia tofauti kidogo, nayo nitaifikia.

Afisa aliyestaafu hapa ni Internet Explorer. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 ilikuja na toleo la 8, na mashine ambayo haikuwahi kupata masasisho bado inalo hilohilo. Hata iliyopanda hadi toleo la 11, ambalo ndilo la mwisho, haiielewi JavaScript ya kisasa, lugha ya programu inayojengea mifumo mingi ya sasa. Ndiyo maana ukurasa unakuja mweupe badala ya kuja na maelezo ya kosa. Microsoft waliacha kuihudumia kwenye matoleo mengi ya Windows 10 tarehe 15 Juni 2022, na tarehe 14 Februari 2023 sasisho la Edge, kivinjari kipya cha Microsoft, likaizima kabisa huko. Kwenye Windows 7 bado inafunguka, na hapo ndipo mtu anapodanganyika kwamba inafanya kazi.

Jaribio la kwanza, kabla hujagusa chochote

Shika kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza R. Kitatokea kisanduku kidogo. Andika humo:

https://sw.wikipedia.org

Bonyeza Enter, kisha tazama ni kivinjari gani kimefunguka. Hapa Outlook haihusiki hata kidogo. Umeiuliza Windows moja kwa moja. Kikifunguka kivinjari usichokitaka, tatizo ni la Windows na utalimaliza kwa hatua zinazofuata. Kikifunguka kivinjari sahihi lakini ukibofya ndani ya barua mambo yanakwenda kombo, basi ruka hadi kwenye sehemu ya ujumbe wa vizuizi au ile ya Thunderbird. Jaribio hili dogo huokoa muda mwingi sana, na nasikitika kuona mafundi wakilipita na kukimbilia kufuta Windows yote.

Chagua kivinjari kinachoiweza mashine

Usipakue toleo jipya kabisa bila kuangalia Windows uliyonayo, kwa sababu litakataa kuingia na bando litakuwa limekwenda. Kwa Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, lililotoka Januari 2023. Firefox inayofaa ni 115 ESR (ESR ni toleo linalopewa viraka kwa muda mrefu). Mozilla, wenye Firefox, waliendelea kuitolea viraka vya usalama muda mrefu baada ya Microsoft kuiacha Windows 7 yenyewe, tarehe 14 Januari 2020. Kwa sababu hiyo kwenye Windows 7 mimi naweka Firefox 115 ESR. Windows 10 na 11 zinapokea kivinjari chochote cha sasa.

Windows XP ni habari nyingine. Firefox ya mwisho kuikubali ni 52 ESR, iliyoachwa mwaka 2018. Itakufungulia tovuti kadhaa ambazo Internet Explorer 8 inazishindwa, lakini kwa mambo ya benki na kodi sishauri kabisa. Mashine ya XP iache kwa kusomea barua za zamani.

Kabla ya kupakua, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya "Computer", chagua "Properties", usome mstari wa "System type". Ikisema 32-bit, chukua Firefox ya 32-bit. Halafu chukua faili kamili la kusakinishia, siyo lile dogo linaloanza kupakua vitu vingine ukishalifungua. Faili kamili unaweza kulishusha mara moja mjini, ukaliweka kwenye flashi, ukaenda nalo hadi Hombolo au Mvumi na kulitumia kwenye kompyuta zote za ofisi bila kutumia tena hata MB moja.

Kuiambia Windows

Kwenye Windows 7, bofya "Start", kisha "Default Programs" iliyo upande wa kulia wa menyu. Chagua "Set your default programs". Subiri kidogo orodha ijae. Mashine nzito huchukua muda. Kwenye orodha ya kushoto bofya Firefox. Upande wa kulia yatatokea maneno mawili ya kubofya. La kwanza, "Set this program as default", ndilo ambalo kila mtu analibofya. La pili, "Choose defaults for this program", ndilo wengi wanaloliacha, na mara nyingi jibu liko hapo. Lifungue uone kama vitu vinne vimewekewa tiki: .htm, .html, HTTP na HTTPS. Nimekuta mashine ambazo HTTP imekwenda Firefox lakini HTTPS imebaki Internet Explorer. Matokeo yake viungo vya zamani vinafunguka vizuri, ila kila kiungo cha benki, cha TRA (mamlaka ya mapato) au cha mfumo wa zabuni kinarudi kulekule. Mwenye kompyuta anaona kama bahati nasibu. Hifadhi kwa kubofya "Save", kisha "OK".

Kwenye Windows 10, fungua "Settings", "Apps", "Default apps", ushuke hadi "Web browser" na ubofye kivinjari kilichoandikwa hapo ili utoe orodha. Windows inaweza kukubembeleza ujaribu Edge kwanza. Bofya "Switch anyway". Kisha shuka chini zaidi, fungua "Choose default apps by protocol", uhakikishe HTTP na HTTPS zote zimehama.

Kwenye Windows 11 ni "Settings", "Apps", "Default apps", unatafuta jina la kivinjari na kubofya "Set default" juu kabisa.

Kwenye XP, fungua folda yoyote, nenda "Tools", "Folder Options", kichupo cha "File Types". Tafuta "URL: HyperText Transfer Protocol", bofya "Advanced", chagua "open", kisha "Edit", na kwenye nafasi ya programu uelekeze kwenye firefox.exe. Rudia kwa ile yenye neno "with Privacy", ambayo ndiyo HTTPS.

Rudia jaribio la Windows na R. Likikubali, fungua Outlook, bofya kiungo chochote unachokiamini. Kwa ofisi nyingi kazi imekwisha hapa.

Ukipata ujumbe kwamba kompyuta ina vizuizi

Wapo ambao Outlook haifungui kivinjari chochote. Inatoa kisanduku chenye maneno haya:

"This operation has been cancelled due to restrictions in effect on this computer. Please contact your system administrator."

Kwenye Outlook 2013 maneno ni mengine, yanataja sera za taasisi yako na kukutaka umwone fundi wa ofisi, lakini ugonjwa ni uleule. Ujumbe huu unaogopesha watu bure. Karani mmoja wa ushirika, mama wa makamo, aliuonyesha kwenye skrini kwa kidole akiwa na wasiwasi wa kweli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hapa. Hawa wa juu wamenifungia? Maana imeandikwa nimezuiwa."

Hakuna aliyekuwa amemfungia. Pembeni ya kibodi palikuwa na daftari kubwa la kaunta ambamo alikuwa ananakili anwani ya kiungo kwa kalamu, herufi moja moja, kisha anaiandika upya kwenye simu yake. Kiungo cha kuthibitisha akaunti kina mkia mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote kwa binadamu. Ukikosea l ukaweka 1, umekwisha. Alikuwa amejaza karibu kurasa mbili kwa namna hiyo. Nilipouliza kama kuna kitu kilichoondolewa kwenye kompyuta karibuni, akakumbuka kwamba kijana wake alikuja likizo akaiondoa Chrome kwa kuwa ilikuwa inaifanya mashine iwe nzito.

Hicho ndicho chanzo, hapo na karibu kila mahali nilipoukuta ujumbe huo. Chrome ilikuwa kivinjari kikuu. Ikaondolewa bila kwanza kuteua kingine. Kumbukumbu za Windows zikabaki zinasema faili la .html ni mali ya ChromeHTML, wakati mwenye jina hilo hayupo tena. Outlook inauliza, inapata jina la asiyekuwepo, inakataa kuendelea, na inalaumu vizuizi.

Dawa nyepesi ni hii: sakinisha tena kivinjari kilichoondolewa, kifanye kiwe kikuu, kisha hamishia ukuu kwenye kivinjari unachokitaka kwa hatua nilizozieleza juu. Ukishahakikisha viungo vinafunguka, ndipo uondoe kile cha kwanza. Mpangilio huo usiupindue.

Kama huna bando la kufanya hivyo, unarekebisha daftari la ndani la Windows mwenyewe. Kazi hii inataka utulivu, kwa kuwa ukifuta kisichohusika mashine inaweza kugoma kuwaka. Anza kwa kuchukua nakala:

1. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika regedit, Enter. Ikikuuliza ruhusa, kubali.
2. Bofya "File", kisha "Export". Chini, mahali palipoandikwa "Export range", chagua "All". Lipe faili jina lenye tarehe ya leo, ulihifadhi kwenye flashi, siyo kwenye mashine peke yake.
3. Funga regedit. Funga na Outlook.
4. Bonyeza tena Windows na R, andika cmd, Enter. Kwenye dirisha jeusi andika mistari hii mmoja mmoja, ukibonyeza Enter kila baada ya mstari:

REG ADD HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\.htm /ve /d htmlfile /f

REG ADD HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\.html /ve /d htmlfile /f

REG ADD HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\.shtml /ve /d htmlfile /f

REG ADD HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\.xhtml /ve /d htmlfile /f

Angalia nafasi: ipo baada ya ADD, kabla ya kila mkwaju wa /ve, /d na /f, na kabla ya neno htmlfile. Hakuna nafasi ndani ya ile anwani ndefu. Kila mstari ukikubali, Windows inajibu kwamba kazi imekamilika. Toka kwenye akaunti ya Windows, ingia tena, fungua Outlook, jaribu kiungo.

Mistari hiyo haigusi kivinjari kikuu ulichokiteua. Inaeleza tu kwamba faili la .html ni waraka wa kawaida wa tovuti, ili Outlook iache kumtafuta aliyeondoka. Ikigoma hata baada ya hapo, fungua "Control Panel", "Internet Options", kichupo cha "Advanced", na ubofye "Reset". Outlook za zamani zinaazima viungo vya mwili vya Internet Explorer hata kama hutaki kuitumia, na mipangilio yake ikiharibika Outlook nayo inaumwa.

Onyo moja kwa wanaopenda kuingia ndani zaidi. Mitandaoni kuna maelekezo ya kubadilisha kwa mkono kipengele kinachoitwa UserChoice. Tangu Windows 8, kipengele hicho kinalindwa kwa alama maalumu inayokokotolewa na Windows. Ukikigusa kwa mkono, Windows inaona alama haioani na inarudisha kivinjari chake. Tumia "Settings" au "Default apps" kama nilivyoeleza.

Thunderbird ina kumbukumbu yake

Shule na mashirika mengi hutumia Thunderbird, na hapa ndipo jaribio la Windows na R linapoonyesha thamani yake: Windows inafungua Firefox vizuri, lakini Thunderbird inaendelea na kivinjari cha zamani au hainyanyui kitu. Sababu ni kwamba iliwahi kuuliza, mtu akajibu na kuweka tiki ya "kumbuka jibu langu", na jibu hilo limehifadhiwa ndani yake.

Kwenye matoleo ya zamani fungua "Tools", "Options", "Attachments", kichupo cha "Incoming". Kwenye matoleo ya karibuni fungua "Settings", "General", ushuke hadi "Files & Attachments". Kwenye orodha tafuta http na https. Pembeni ya kila moja kuna chaguo. Bofya "Use other" na uoneshe kivinjari chako, ambacho kwa kawaida kipo hapa:

C:\Program Files\Mozilla Firefox\firefox.exe

Ikiwa http na https hazimo kwenye orodha, nenda kwenye "Config Editor". Kwa matoleo ya zamani iko chini ya "Advanced", "General". Kwa mapya iko mwisho kabisa wa ukurasa wa "General". Tafuta majina haya mawili:

network.protocol-handler.warn-external.http

network.protocol-handler.warn-external.https

Bofya mara mbili kila moja ili thamani iwe true. Mara nyingine utakapobofya kiungo, Thunderbird itakuuliza itumie programu gani. Onyesha kivinjari unachokitaka, weka tiki ya kukumbuka, na habari imekwisha.

Kinyume chake: Outlook mpya inayong'ang'ania Edge

Kwa walio na Outlook ya Microsoft 365, malalamiko yamegeuka. Windows imeshaambiwa itumie Chrome au Firefox, lakini Outlook inafungua Edge hata hivyo. Hii ni programu inayochagua yenyewe, tofauti na ndugu zake wa zamani. Fungua "File", "Options", "Advanced", utafute sehemu ya "Link Handling", ambayo kwa matoleo mengine imeandikwa "File and browser preferences". Kwenye "Open hyperlinks from Outlook in" chagua "Default Browser". Basi.

Kivinjari sahihi kimefunguka, lakini ukurasa haufunguki

Kabla ya kulaumu kazi uliyoifanya, tazama saa iliyo kona ya chini kulia ya skrini. Hapa kwetu umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya mezani yenye betri ndogo iliyokufa inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Kivinjari kinakagua vyeti vya usalama vya tovuti kwa kutumia tarehe hiyo. Kikiona mwaka 2009, kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, na kila tovuti ya https inaletewa onyo jekundu. Usibofye "endelea hivyo hivyo". Rekebisha tarehe, kisha nunua betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu inayouzwa hata kwa mafundi saa. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, ichokonoe taratibu kwenye kishikio chake na uweke mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu.

Tatizo la pili ni kiungo kilichokatika. Barua isiyo na mapambo, ya maandishi matupu, hukatwa mstari na programu za zamani kila baada ya herufi sabini na kitu. Kiungo kirefu kinagawanyika: nusu ya kwanza inakuwa ya bluu na kubofyeka, nusu ya pili inabaki maandishi meusi chini yake. Ukibofya, mfumo unasema kiungo si halali au kimekwisha muda. Chukua nusu zote mbili, zibandike kwenye Notepad, futa mkato wa mstari na nafasi yoyote iliyojiingiza katikati, kisha nakili mstari mzima uubandike kwenye kivinjari. Kumbuka pia viungo vya kuthibitisha akaunti huwa na muda wake. Cha juzi huenda kweli kimekwisha, na hapo unaomba kipya.

Na kama una haraka na hujamaliza matengenezo, bofya kiungo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Copy Hyperlink" kwenye Outlook au "Copy Link Location" kwenye Thunderbird, uhamie kwenye kivinjari, Ctrl na L, Ctrl na V, Enter. Hakuna haja ya daftari la kaunta.

Kabla hujabofya chochote

Sasa kwa kuwa viungo vinafunguka kirahisi, na vile vya matapeli vitafunguka kirahisi. Outlook za zamani hazipati tena ulinzi: msaada wa toleo la 2007 uliisha tarehe 10 Oktoba 2017, wa 2010 tarehe 13 Oktoba 2020. Weka mshale wa mausi juu ya kiungo bila kubofya. Anwani halisi inatokea. Isome kuanzia baada ya https:// hadi mkwaju wa kwanza unaofuata, na utazame maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo. Tovuti ya serikali inaishia na go.tz hapo. Anwani kama tra.go.tz.example.com si ya TRA hata kama imeanza na jina lake, kwa sababu mwenye nyumba ni example.com. Barua ikikutaka ulipe au uingize neno la siri na una shaka, iache, ufungue kivinjari mwenyewe na kuandika anwani unayoijua.

Jaribio la mwisho na watumiaji wengine

Jitumie barua yenye vitu vitatu: kiungo kinachoanza na http, kingine cha https, na kiambatisho cha .html. Hicho cha tatu nakisisitiza kwa sababu taarifa za benki na risiti nyingine huja hivyo, na hufuata mpangilio wa .html, siyo ule wa HTTPS. Viwili vikifunguka na cha tatu kikigoma, rudi kwenye "Choose defaults for this program" uweke tiki iliyobaki.

Mwisho, mpangilio huu ni wa akaunti moja ya Windows, siyo wa kompyuta nzima. Ofisi ambayo mhasibu, katibu na mtunza ghala kila mmoja anaingia kwa jina lake, itabidi ufanye kwa kila mmoja. Kaa na kila mtu akiwa ameingia kwenye akaunti yake, umwache yeye mwenyewe abofye huku wewe ukimwelekeza, na mwombe kijana anayekuja likizo asiondoe kivinjari chochote kabla ya kuteua kingine.